Jibu: Kuinua pua hakukufikishi mbali

Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini ndege ndogo Cessna 172S ya mazoezi hapo Soroti, injini ikiwa imepunguzwa kabisa, inazidi kushuka ukiinua pua ili uifikie ranwei.

Kabla ya yote tazama geji ya spidi na flapu (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa). Ili kuteleza mbali zaidi bila nguvu ya injini, kitabu cha ndege hiyo kinasema noti 68 (maili za baharini kwa saa) kwa uzito wa juu kabisa, flapu zikiwa zimefungwa. Ukishuka hadi 55, ukinzani wa hewa unaozalishwa na bawa lenyewe kwa kuinua ndege unapanda kwa takriban nusu. Ule wa matairi, nguzo na bodi unapungua, ndiyo, ila hautoshi kufidia, jumla inaongezeka, ndiyo maana unazidi kushuka. Basi sukuma pua chini mpaka 68 irudi, kisha trimu (rekebisha ndege ishike spidi hiyo yenyewe). Inatisha ardhi ikiwa karibu, lakini ndivyo.

Ukiwa mwepesi, punguza noti chache.

Na usiongeze spidi eti kwa sababu Uganda iko juu. Hata Entebbe, futi 3,782, geji na bawa vinahisi hewa ileile nyepesi, kwa hiyo 68 ya geji inabaki ileile.

Flapu ulikuwa umeziweka ngapi? Zikiwa digrii 30, hesabu yote inabadilika.