Mlezi wa Kiroho Unayeweza Kubisha Hodi Kwake

Vijana wengi wanaoniuliza namna ya kupata mlezi wa kiroho huwa tayari wana mtu moyoni, na mara nyingi ni mhubiri wanayemfuatilia YouTube. Wanayajua mahubiri yake yote, ila yeye hawajui wao kabisa. Mahubiri hayo yanaweza kuwajenga kweli, wala siwaambii waache kuyasikiliza. Lakini ulezi ni jambo jingine. Mlezi ni mtu anayegundua kwamba hujaonekana ibadani, naye ukibisha hodi kwake jioni, unakaribishwa ndani.

Mimi nililelewa na mama mmoja wa usharika wetu nilipokuwa nasoma Dodoma. Hakuwa mchungaji wala mwinjilisti. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hatukuwa na masomo ya mpangilio: nilikuwa nafika Jumamosi, namwamkia, napewa ungo wa mchele nichambue, na mazungumzo yanaanzia hapo. Siku moja alimkaripia dada wa kazi kwa kosa ambalo yule binti hakulitenda. Alipoujua ukweli alimwita sebuleni, mbele yangu na mbele ya watoto wake, akamwomba msamaha. Nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu ya unyenyekevu, lakini sikuwahi kumwona mtu mzima akimwomba msamaha binti anayemlipa mshahara. Jambo hilo hulipati kwenye simu, kwa sababu hakuna anayerekodi siku yake mbaya.

Alinionyesha hata daftari lake la matumizi. Fungu la kumi liliandikwa juu kabisa, chini yake ada, rejesho la VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), sukari, rambirambi. Nilipoanza kazi nilifungua daftari kama lile, na ninaendelea nalo hadi leo.

Kijana mmoja alipotaka kunichumbia, nilimkimbilia mama huyu nikitaka jibu. Hakunipa. Aliniuliza kama nimewahi kumwona kijana yule akiwa amekasirika, na anaongeaje na mama ntilie anayemuuzia chakula. Kisha akaniambia nikaombe, halafu nikakae na wazazi wangu. Nalikumbuka hilo kila ninaposikia binti ameambiwa na mlezi wake, "Bwana amenionyesha mume wako." Dada yangu, kwa mlezi wa namna hiyo ondoka. Ondoka pia kwa anayekutenga na wazazi wako, anayetaka sadaka yako aipokee mkononi mwake, au anayekuita mkaombe wawili tu usiku. Binti alelewe na mama, na kijana alelewe na baba. Paulo alipomwandikia Tito, sura ya 2, kazi ya kuwafunza wanawake vijana aliwapa wanawake wazee, na mimi sioni sababu ya kuibadilisha.

Katika Maandiko, mlezi ninayempenda kuliko wote ni Barnaba. Wanafunzi wa Yerusalemu walipomwogopa Sauli, ambaye ndiye Paulo, Barnaba ndiye aliyemchukua akampeleka kwa mitume. Baadaye akamfuata mpaka Tarso, akaja naye Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Soma Matendo sura ya 13 taratibu: mwanzoni utakuta "Barnaba na Sauli", na kabla sura haijaisha Paulo ndiye anayetajwa kwanza. Hakuna mahali Barnaba analalamika. Wakati Paulo alipokataa kusafiri tena na Marko, kwa kuwa aliwahi kuwaacha njiani, Barnaba alimchukua Marko wakaenda Kipro. Miaka ikapita, na katika 2 Timotheo ni Paulo mwenyewe anayeagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa. Mlezi wa kweli hufurahi anayemlea anapomzidi, na hamwachi aliyeanguka.

Na usidhani mlezi ni wa kusikiliza tu dhambi zako. Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930 hadi ukafika kwetu, walikuwa na neno lao: kutembea nuruni, yaani kuungama dhambi waziwazi mbele ya wenzao. Mzungu daktari na mkulima wa kijijini walikaa ushirika mmoja, kila mmoja akaungama. Mlezi ambaye kwa miaka yote hajawahi kukuomba umwombee jambo lake, ulezi wake una upungufu.

Ukishamwona mtu kama huyo usharikani kwenu, usiende na ombi zito la "naomba uwe mlezi wangu." Wengi wataogopa, hasa wale wanaofaa zaidi. Peleka jambo moja: "Shikamoo mama, ninahangaika na jambo fulani, naomba nije nyumbani tuliombee." Nenda siku uliyosema, kwa saa uliyosema. Ukifika, saidia kazi utakayoikuta. Baada ya wiki chache mpelekee habari, hata kama hakuna kilichobadilika. Na akisema majukumu yamembana, mwombe akuelekeze kwa mwingine. Akina mama wa jumuiya wanajuana vizuri, na huenda atakutajia mtu unayempita kila Jumapili mlangoni.