Mama mkwe asema maharage yangu ndiyo yanaotesha ukungu

*Shikamoo Shangazi. Nimeolewa Tallinn, Estonia. Tunaishi mtaa wa Lasnamäe, ghorofa ya saba, vyumba viwili: mimi, mume, watoto wawili na mama mkwe, ambaye ni Mrusi. Kila baridi ikiingia, kona ya chumba cha watoto inaota ukungu mweusi. Mama anasema ni maharage yangu na nguo ninazoanika ndani. Nikifungua dirisha, anafunga: upepo utawaumiza wajukuu. Mume kanyamaza. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na pole. Kulaumiwa kwa chakula unachowapikia watu kunauma. Ila hapa nyote wawili mna ukweli wenu, na nyumba nayo ina lake.

Majengo ya Lasnamäe, yaliyoanza kuinuka miaka ya 1970, ni ya vipande vya zege vilivyoundwa kiwandani. Hewa ilipangwa iingie kwenye nyufa za madirisha ya mbao, itokee kwenye matundu ya jikoni na bafuni, ipande hadi paani. Watu wakaja kuweka madirisha ya plastiki yanayobana kabisa, hewa ikakosa pa kuingilia. Mvuke wa sufuria, wa nguo na wa pumzi zenu watano hubaki ndani ukitua penye baridi zaidi, yaani kona ya nje, vipande vinapokutana.

Chukua karatasi moja laini ya chooni, ibandike kwenye tundu la bafuni huku dirisha la chumbani limefunguliwa kidogo. Ikinata, hewa inavutwa. Funga dirisha, jaribu tena. Ikidondoka, mwite mama aone kwa macho yake; usimhutubie. Ikidondoka hata dirisha likiwa wazi, tundu limeziba, na hilo ni la kupeleka kwenye chama cha wenye fleti, korteriühistu.

Kuhusu upepo, wazee wengi wa Kirusi wanaamini kwa dhati kwamba upepo unaokatiza chumba humletea mtoto maradhi. Usishindane na imani hiyo, ipishe. Fungua watoto wakiwa hawamo: wakishaenda shule, ukishapika, na jioni wakiwa jikoni na bibi yao. Dirisha wazi kabisa, mlango wa chumba umefungwa, dakika 5 hadi 10, basi. Kuliacha nusu wazi kutwa ndiko kunakoharibu, maana ukuta wa pembeni unapoa, ukungu unahamia hapo, na joto mnalolilipia linatoka nje. Nunueni kipimo kidogo cha unyevu cha kuweka mezani. Wakati wa baridi kali, kikivuka asilimia 50, dirisha lifunguliwe. Kiamue chenyewe, si wewe wala yeye.

Na wewe, maharage yaloweke usiku kucha yaive upesi, sufuria ifunikwe, mlango wa jikoni ufungwe. Nguo zitoke chumba cha watoto. Zianike bafuni, mlango umefungwa lakini una upenyo wa sentimita moja au mbili kwa chini, la sivyo tundu halina hewa ya kuvuta. Kabati lisogezwe sentimita 10 kutoka ukuta wa nje.

Ukungu uliopo usiupake rangi juu, utarudi. Lowesha karatasi ya ukutani iliyoathirika kwanza ili vumbi lake lisiruke, kisha uing'oe. Vaa glavu na barakoa, watoto wawe nje, sugua kwa dawa ya klorini dirisha likiwa wazi. Usiichanganye na siki kamwe, inatoa gesi ya sumu. Acha ukuta ukauke siku kadhaa kabla ya kubandika kitu.

Ila tazama doa lenyewe. Likifuata mstari ulionyooka wa kiungo cha zege na kukua kila baada ya mvua ya upepo, maji yanapenya kutoka nje, na hapo maharage hayahusiki kabisa. Tangu 2018 kila jengo la fleti Estonia lina chama kwa mujibu wa sheria, na kuta za nje ni mali ya wote. Pigeni picha zenye tarehe, mkiambie chama kwa maandishi.

Barua hiyo aiandike mumeo, na kabati alisogeze yeye. Mama yake ni wake. Maneno ya kumtuliza yatoke kinywani mwake, tena mbele yako. Mwambie hivyo leo, watoto wakishalala.

Ukungu ukirudi baada ya miezi miwili ya kufanya haya, niandikie uniambie doa liko urefu gani kutoka sakafuni.