Nilipie Waranti ya Ziada ya Friji?

SWALI: Nimepata friji ya shilingi 900,000 hapa Dar es Salaam. Muuzaji anataka niongeze 120,000 ili waranti ya mwaka mmoja iwe ya mitatu. Nikubali?
Mama wa watoto wawili, Temeke

JIBU: Usilipe kwanza, dada. Omba karatasi ya masharti uisome hapohapo dukani, hasa kipengele cha yale wasiyofidia. Mara nyingi hitilafu ya umeme imo humo, na kwetu umeme ndio unaoua friji. Ukikatika na kurudi papo hapo, gesi bado ina mgandamizo mkubwa upande mmoja wa kompresa, yaani pampu ya gesi ya friji. Mota inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mwingi, koili zinaungua. Sehemu ndogo tu ya pesa hiyo inatosha kununua frijigadi, kifaa cha kuilinda friji na umeme unaokatikakatika. Chagua inayosubiri dakika 3 hivi kabla ya kurudisha umeme.

Tazama pia stika ya mlangoni. Baadhi ya friji za inverta (zile ambazo mota ya kompresa hubadili kasi) tayari zina waranti ya kompresa ya miaka 10, ila gesi na ufundi huwa juu yako.

Tungekubali kulipa kama karatasi inataja bodi ya saketi iliyo ndani ya friji, ufundi na usafiri, na kama miaka miwili ya ziada inaanza baada ya ule mwaka wa kwanza kwisha. Neno la mdomo la muuzaji halihesabiki.

Risiti ya EFD hufifia upesi: itoe fotokopi siku hiyohiyo, uandike juu yake namba ya friji iliyobandikwa nyuma.