Maswali ya Wasomaji: Tangi la Matumbawe Katika Joto la Kaskazi

SWALI: Ndugu mtaalamu, sebuleni kwangu nina tangi la maji ya chumvi la lita 200 lenye samaki wachache, matumbawe laini, na matumbawe magumu ya aina mbili tatu. Tangu kaskazi ianze kuvuma, kipimajoto kinasoma nyuzi 28 asubuhi na nyuzi 30 au zaidi jioni. Matumbawe kadhaa yamejikunja na moja limeanza kupauka pembezoni. Nimeweka feni ya mezani, joto likapungua kidogo kisha likagota hapo. Mume wangu ananiambia kwamba bahari yenyewe hapa Dar es Salaam huwa na joto hilohilo mwezi Machi, kwa hiyo ninajisumbua bure. Je, ni kweli? Na kama si kweli, ninunue mashine ya kupoza maji au nifunge kiyoyozi?
Msomaji, Mikocheni

JIBU: Kuhusu bahari, mume wako hajakosea. Maji ya juu katika pwani yetu huwa na nyuzi 25 au 26 hivi mwezi Agosti, na hufikia 29, pengine 30, ifikapo Machi. Lakini bahari hupanda kiwango hicho kwa muda wa miezi, ilhali tangi lako linapanda nyuzi mbili kati ya asubuhi na jioni na kurudi usiku, kila siku. Zaidi ya hayo, bahari yenyewe wakati huo huwa karibu na ukingo. Matumbawe huanza kupauka joto linapozidi kiwango cha juu yalichozoea kwa takriban nyuzi moja tu na kubaki hivyo kwa wiki kadhaa, na ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki yalipopauka na kufa. Ikiwa matumbawe yako yalikuzwa katika matangi ya dukani yenye nyuzi 25 au 26, basi mazoea yake ni hayo, wala si ya bahari ya Dar es Salaam.

Lile tumbawe lililopauka limeanza kuutoa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wake, ambao ndio unaolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Tumbawe lililopauka halijafa, na likipata nafuu mapema linaweza kuurudisha mwani huo. Kwa hiyo usiling'oe wala usilihamishe. Samaki nao wana shida yao: maji ya bahari ya nyuzi 25 yanaweza kubeba takriban miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba 6.2 hivi, wakati ambapo samaki huyo huyo anahitaji oksijeni nyingi zaidi kwa sababu mwili wake unafanya kazi kwa kasi. Saa mbaya kuliko zote ni kabla ya alfajiri, kwa kuwa mwani haujatengeneza oksijeni usiku kucha. Ukiona samaki wanahema juu juu ya maji saa kumi na moja asubuhi, usisubiri kusoma kipimajoto.

Kabla ya kununua chochote, punguza joto unalolitia wewe mwenyewe. Chomoa kabisa hita ya maji hadi kusi irudi, kwa sababu hita ikikwama ikiwa imewaka inaweza kuua tangi zima. Kisha soma wati zilizoandikwa kwenye pampu zako na uzijumlishe. Pampu zilizozama zenye jumla ya wati 75, kwa mfano, zinaweza kuyapandisha maji ya lita 200 kwa karibu theluthi moja ya nyuzi kila saa kama joto halina pa kutokea. Ondoa kifuniko cha kioo na uweke wavu badala yake, ili mvuke upite na samaki wasiruke nje. Acha pia milango ya kabati la chini wazi. Taa nazo ziwashwe jioni hadi usiku wa manane badala ya mchana, kwa maana matumbawe hayajali jua limesimama wapi huko nje mradi yapate saa zake za mwanga na saa zake za giza.

Sasa tuje kwenye feni, na hapa ndipo wengi wetu wa pwani tunapopoteza fedha. Feni haipozi maji kwa upepo wake; inayapoza kwa kuyafanya yageuke mvuke, na kila lita inayoondoka kama mvuke huchukua joto la kutosha kupoza lita 580 za maji kwa nyuzi moja. Ni nguvu kubwa, lakini ina kikomo kinachowekwa na unyevu wa hewa. Ukitaka kukijua kikomo cha sebule yako, funga pamba au kitambaa chepesi kilicholowa maji kwenye ncha ya kipimajoto cha kawaida, kishike mbele ya feni kwa dakika tano, kisha soma. Namba utakayoiona ndiyo sakafu: hakuna feni, hata ziwe kumi, itakayoyashusha maji ya tangi chini ya hapo. Alasiri ya Februari hapa Dar es Salaam, hewa ikiwa na nyuzi 32 na unyevu wa karibu asilimia 70, sakafu hiyo iko kwenye nyuzi 27 hivi. Ukiongeza joto la pampu na taa, tangi linasimama juu zaidi ya hapo, na ndiyo maana feni yako imegota. Haijaharibika.

Kuhusu kiyoyozi na mashine ya kupoza maji, mimi ningechagua kiyoyozi kama chumba kinaweza kufungwa, tena si kwa ajili ya starehe yenu peke yake. Kiyoyozi hukausha hewa pia. Katika chumba cha nyuzi 27 chenye unyevu wa asilimia 55, ile sakafu huporomoka hadi karibu nyuzi 21, na feni yako ndogo iliyokuwa haina kazi inaanza kufaa. Lakini kama sebule iko wazi, madirisha hayafungwi na watoto wanaingia na kutoka, kiyoyozi kitakula umeme bila faida, na hapo mashine ya kupoza maji ndiyo jibu. Usiinunue kwa kuangalia nguvu ya farasi iliyobandikwa ubavuni. Uliza ina uwezo wa kuondoa wati ngapi za joto. Usiifungie kabatini pia, maana joto linalotolewa majini hutapikwa nyuma ya mashine, na likikosa njia linarudi palepale lilipotoka. Iweke barazani penye kivuli, mbali na upepo wa chumvi kadiri inavyowezekana.

Lengo lako liwe nyuzi 26 au 27 zisizoyumba, na ulifikie kwa siku mbili tatu. Umeme ukikatika mchana, washa pampu ya hewa ya betri kwanza, kisha tumbukiza chupa ya lita moja na nusu iliyoganda, ikiwa imefungwa vizuri, katika tangi la chini, yaani lile dogo la kabatini ambamo maji hupita kabla ya kurudishwa juu na pampu. Chupa moja hupunguza maji ya lita 200 kwa kiasi kinachokaribia nyuzi moja, kwa hiyo weka moja, subiri saa nzima, upime, ndipo ufikirie ya pili. Jambo la mwisho ni la usalama: waya wa feni uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia ndani yake, ili matone ya maji ya chumvi yadondoke sakafuni badala ya kufuata waya hadi kwenye umeme.

SWALI: Mimi nipo Dodoma na feni mbili zinanitosha kabisa, tangi haliendi juu ya nyuzi 26. Tatizo langu ni kwamba kipimo cha chumvi kinapanda kila wiki ingawa ninajaza maji. Nakosea wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Hewa kavu ya Dodoma inakupa bure kile ambacho ndugu zako wa pwani wanakinunua, lakini kwa malipo ya maji. Kinachopaa ni maji matupu; chumvi yote inabaki tangini. Nadhani unajazia maji ya chumvi uliyoyachanganya, na hivyo kila ndoo inaongeza chumvi juu ya chumvi. Jazia maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mashine ya utando, kidogo kidogo kila siku, ukiwa umeweka alama ya kalamu kwenye kioo cha tangi la chini; maji ya chumvi yatumie siku ya kubadilisha maji tu. Ikiwa kipimo kimeshapita gramu 35 kwa lita, kishushe kwa muda wa siku kadhaa.

SWALI: Tunasafiri kwenda Unguja kwa wiki tatu mwezi Julai na nyumba yetu ya Maskati itafungwa. Naweza kuzima kiyoyozi na kuacha feni za tangi?
Msomaji, Maskati

JIBU: Hapana. Nje kunapozidi nyuzi 40, chumba kilichofungwa hakitabaki na hewa ambayo feni inaweza kuitumia. Acha kiyoyozi cha chumba hicho kwenye nyuzi 26, weka kipimajoto kinachotuma taarifa kwenye simu, na ufunguo umwachie jirani ambaye umeshamwonyesha, kwa mkono wake mwenyewe, namna ya kujazia maji na mahali zilipo chupa za barafu.