Ananipiga nikidai matumizi ya watoto

SWALI: Nimeolewa na tuna watoto watatu, tunaishi Mbagala. Tangu mwaka jana mume wangu amehamia kwa mwanamke mwingine. Akipita huacha elfu tatu juu ya kabati la vyombo, na nikisema haitoshi hata unga na mkaa, hunipiga. Juzi amenipasua mdomo. Mjumbe ananiambia nisubiri kwanza baraza la ndoa litupatanishe. Je, nisubiri?
Mama Watatu, Mbagala

JIBU: Pole sana, dada. Usisubiri. Baraza la usuluhishi la ndoa hupitiwa kabla ya shauri la talaka, nawe hujaomba talaka; mjumbe amechanganya mambo, japo huenda kwa nia njema.

Kuhusu kipigo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imetamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Nenda leo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, na kupimwa, kwa kuwa mdomo hupona upesi na daktari huandika anachokiona siku hiyo.

Matunzo ni shauri jingine. Chini ya sheria hiyohiyo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, baba anawajibika kuwatunza watoto hata wasipokaa naye, kwa hiyo kuhama kwake hakumpunguzii kitu. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa, ambaye atamwita. Akikaidi, fungua maombi ya matunzo mahakamani, nawe ukiwa Temeke hauko mbali na Kituo Jumuishi cha mahakama cha masuala ya familia. Mahakama hutazama kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha pale mtoto anapoishi, kwa hiyo nunua daftari. Usiandike “chakula” tu. Andika kilo za unga, kopo la mkaa, nauli ya daladala, na kila tarehe aliyoacha ile elfu tatu. Usitie chumvi, maana hakimu naye hununua mkaa jiji hilihili.

Akikuahidi hela ili ufute kesi ya kipigo, usikubali kuyaunganisha hayo mawili. Kama huna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawapa wasio na uwezo huduma bila malipo. Uende na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.