Samansi ya juri Marekani: si kesi, lakini msiitupe

Mmeuliza hivi: kijana wenu yuko Ohio, amepata samansi, yaani barua ya mahakama inayomtaka afike tarehe fulani asubuhi, na huku Morogoro watu hawalali wakidhani ameshtakiwa. Mnataka kujua kosa lake ni nini, anaweza kukataa vipi, na kama ni kweli kule watu hulipwa kwa kukaa mahakamani.

Hajashtakiwa. Ameitwa kwenye juri, yaani awe miongoni mwa wananchi wa kawaida wanaosikiliza kesi ya mtu mwingine na kuamua kama ana hatia. Kwetu, kinachokaribiana na hilo ni wazee wa baraza, wale waliokuwa wakikaa na jaji wa Mahakama Kuu kwenye kesi za mauaji. Tofauti ni kwamba mzee wa baraza hutoa maoni na jaji hafungwi nayo. Kenya iliwaondoa kabisa mwaka 2007. Juri ya Marekani haitoi maoni, inaamua. Ikisema mshtakiwa wa jinai hana hatia, kesi imekwisha, na upande wa mashtaka hauna pa kukatia rufaa.

Kabla ya posho na ruhusa, mwulizeni jambo moja: ameshaapa kuwa raia wa Marekani, au bado ana grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu)?

Jina lake limetoka kwenye orodha ambazo kompyuta huchota bila kumjua mtu: daftari la wapigakura, na mara nyingi leseni za udereva na vitambulisho vya jimbo. Leseni hupewa hata asiye raia, kwa hiyo samansi huwafikia wenye grini kadi, wanafunzi na wakimbizi. Kuipokea hakumaanishi serikali imemhesabu kuwa raia. Hata hivyo ni raia tu wanaoruhusiwa kukaa kwenye juri, na watu wetu huumia hapa kwa namna mbili.

Wa kwanza huona barua haimhusu, akaitupa. Mahakama haijui kwamba yeye si raia mpaka aseme. Ikikosa jibu hutuma barua ya pili, kisha huweza kumwita ajieleze mbele ya jaji. Kwa mahakama za shirikisho (za serikali kuu, si za jimbo), adhabu ya kupuuza bila sababu ni faini hadi dola 1,000, kifungo hadi siku 3, kazi za jamii, au mchanganyiko wa hizo. Wa pili ni yule anayeogopa serikali kiasi cha kujibu anachodhani inataka kusikia. Fomu inamuuliza kama ni raia wa Marekani, naye anaweka alama kwenye ndiyo. Alama hiyo ni hatari kuliko samansi yenyewe. Kudai uraia usio nao ni kosa la uhamiaji linaloweza kumfungia mtu mlango wa grini kadi na uraia maisha yake yote, na kumfikisha kwenye kesi ya kuondolewa nchini.

Jibu sahihi ni fupi: kwenye swali la uraia aandike hapana, atie sahihi, airudishe kabla ya siku iliyotajwa (fomu za mahakama za shirikisho hutoa siku 10), na ahifadhi nakala. Mahakama nyingine huomba kivuli cha grini kadi. Baada ya hapo huondolewa bila kwenda popote. Tahadhari moja: katika majimbo kama Texas, majina ya walioondolewa kwenye juri kwa kutokuwa raia hupelekwa kwa wasajili wa wapigakura. Aliyewahi kujiandikisha kupiga kura kimakosa, pengine kwenye kaunta ya leseni alipoulizwa haraka naye akaitikia tu, atajulikana. Huyo amwone wakili wa uhamiaji kwanza, na asijibu kwa ushauri wa marafiki.

Kama ameshaapa, basi wajibu ni wake. Hata maswali ya mtihani wa uraia yanataja kutumikia kwenye juri kama jambo la raia peke yao. Mkumbuke pia watoto: aliyekuwa chini ya miaka 18, anaishi na mzazi huku akiwa na grini kadi, huwa raia moja kwa moja mzazi anapoapa. Akifikisha miaka 18 anaweza kuitwa hata kama bado yuko sekondari.

Sasa fedha. Mahakama za shirikisho hulipa dola 50 kwa siku, na baada ya siku 10 za kusikiliza kesi zinaweza kupandisha hadi 60. Mahakama za majimbo kila moja ina kiwango chake: Texas dola 20 siku ya kwanza na 58 kwa siku zinazofuata, California hakuna kitu siku ya kwanza, kisha dola 15. Pigeni hesabu. Kima cha chini cha mshahara cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, sawa na dola 58 kwa saa nane. Posho ya dola 50 ya juri ya shirikisho haifiki hata hapo, na inatozwa kodi kama pato lingine.

Sheria inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu ya juri, lakini katika majimbo mengi haimlazimishi kumlipa siku alizokosa. Massachusetts ni kati ya machache yanayomlazimisha kulipa siku 3 za kwanza, kisha jimbo hutoa dola 50 kwa siku. Mwenye ajira nzuri ya ofisini mara nyingi hulipwa mshahara wake kama kawaida. Anayehudumia wazee kwa malipo ya saa, anayebeba maboksi ghalani, anayeendesha teksi za mtandaoni, huyo hupoteza. Tunasema wazi kwamba hili ni kosa la mfumo. Anayeomba kuachwa kwa sababu ya kodi ya nyumba ndiye mara nyingi aliyefanana kimaisha na mshtakiwa, na akiondoka wanabaki wenye nafasi kuamua juu ya maskini.

Kwa hiyo kijana asiombe kuondolewa moja kwa moja ikiwa kuahirisha kunatosha. Mahakama nyingi huruhusu kusogeza tarehe mara moja kwa kujaza mtandaoni au kupiga simu, bila maswali mengi, mradi aombe kabla ya siku yenyewe. Mwenye tiketi ya kuja Dar, mwenye mtihani chuoni, mwenye miadi ya upasuaji, aambatanishe ushahidi. Ombi la kuachwa kabisa kwa ugumu wa maisha linahitaji karatasi: hati za mshahara, barua ya mwajiri kwamba hatalipwa, barua ya daktari, au maelezo kwamba ndiye peke yake anayemlea mtoto au kumuuguza mzazi. Majimbo mengi yana nafuu kwa mama anayenyonyesha, na mahakama nyingi za shirikisho humwacha aliyepita miaka 70 akiomba. Neno tupu la “niko bize” halimsaidii mtu.

Aliyehama anakosea mahali pengine. Watu wetu huhamahama kufuata kazi na kodi nafuu, samansi inabaki kwenye sanduku la barua la nyumba ya zamani. Kubadilisha anwani uhamiaji hakuifikii mahakama, hizo ni ofisi mbili tofauti; abadilishe pia posta na kwenye leseni. Kama ameshatoka kwenye kaunti iliyomwita, aijulishe. Kila mahakama huita wakazi wa eneo lake tu.

Na simu je? Kuna matapeli wanaopiga wakijifanya askari wa kaunti: umekosa juri, una hati ya kukamatwa, lipa sasa hivi kwa kadi za zawadi au utume pesa kwa simu. Mahakama haidai faini ya juri kwa simu. Akate, kisha apige namba aliyoipata mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya mahakama.

Siku yenyewe haina maajabu. Samansi ina namba ya kundi. Mahakama nyingi humtaka mtu apige simu au aangalie mtandaoni jioni ya kuamkia siku hiyo, na mara nyingi kundi zima huambiwa lisije. Wakiitwa, ukaguzi wa mlangoni ni kama wa uwanja wa ndege: visu na mikasi hubaki nyumbani, na mahakama nyingine haziruhusu simu. Achukue samansi, kitambulisho, chakula au hela yake, kitabu, na sweta, kwa maana vyumba hivyo hupigwa kiyoyozi. Kusubiri ni sehemu kubwa ya kazi.

Kisha huja mchujo, na hapa ndipo tungependa akae sawasawa. Kundi, labda watu 40 au 60 kwa kesi ya jinai, huingizwa ukumbini na kuapishwa kusema kweli. Jaji na mawakili huuliza: unamfahamu yeyote hapa? Umewahi kuibiwa au kushambuliwa? Una ndugu polisi, au aliyefungwa? Unaweza kumwamini shahidi askari sawa na shahidi mwingine, si zaidi wala pungufu? Anayeonyesha hawezi kutenda haki huondolewa kwa sababu, na idadi ya hao haina kikomo. Juu ya hapo kila upande unaruhusiwa kuondoa wachache bila kueleza. Kwa makosa makubwa ya shirikisho yasiyo ya adhabu ya kifo, mashtaka 6 na utetezi 10. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Batson, mwaka 1986, ni marufuku kumwondoa mtu kwa rangi yake.

Swali likigusa jambo zito, na wako ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi waliobeba mambo mazito, hana haja ya kulisema mbele ya watu 60. Aombe kuongea na jaji faraghani. Ombi hilo ni la kawaida.

Lafudhi si sababu ya kuondolewa. Kinachotakiwa ni kusoma na kuelewa Kiingereza kiasi cha kufuata ushahidi, kwa kuwa mahakama haimpi mjumbe wa juri mkalimani wa lugha. New Mexico ndiyo inayojulikana kwa kuwapa, kwa sababu katiba ya jimbo hilo inamlinda asiyejua Kiingereza. Asiyeelewa aseme kweli. Anayeelewa asijifiche nyuma ya lugha, ameapa.

Kuna mtego unaowahusu Waswahili hasa. Shahidi akitoa ushahidi kwa Kiswahili kupitia mkalimani, ushahidi unaohesabika ni ule wa Kiingereza kilichotafsiriwa, hata kama mjumbe wetu amesikia “mjomba” ikigeuzwa kuwa ndugu wa baba. Asiwasahihishie wenzake katika chumba wanamojadiliana uamuzi. Aandike kikaratasi, ampe askari wa mahakama akipeleke kwa jaji, nao mawakili watalishughulikia. Akiulizwa wakati wa mchujo kama ataifuata tafsiri, ajibu bila kusitasita. Mwaka 1991, katika kesi ya Hernandez dhidi ya New York, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba wajumbe wanaojua Kihispania waliosita kujibu swali hilo wangeweza kuondolewa.

Akichaguliwa, funga mdomo. Nyumbani tumezoea kusimuliana, na kundi la familia la WhatsApp linataka habari kila jioni. Msimwulize. Haruhusiwi kuongea kesi hiyo na mke wala mama, kutafuta jina la mshtakiwa mtandaoni, wala kupita kuangalia mtaa lilikotokea tukio. Mtu mmoja akikiuka, kesi ya wiki nzima inaweza kuanza upya, na yeye akaadhibiwa.

Wajumbe chumbani huwa 12 kwa kawaida, ingawa Florida hutumia 6 kwa kesi nyingi za jinai. Ili mtu atiwe hatiani kwa kosa kubwa lazima wakubaliane wote. Mahakama ya Juu ilisema hivyo kwa majimbo yote mwaka 2020, kesi ya Ramos dhidi ya Louisiana. Tumelelewa kunyamaza wakubwa wanaposema. Pale, kura ya mhudumu wa usiku ina uzito uleule wa kura ya profesa, na shaka yake yenye msingi haipaswi kuzimwa kwa sababu wenzake wanataka kurudi nyumbani.

Mlioko Uingereza msijiliwaze kwamba haya ni ya Marekani tu. England na Wales haziulizi uraia. Anayetakiwa ni aliye kwenye daftari la wapigakura, mwenye miaka 18 hadi 75, aliyeishi huko miaka 5 tangu alipotimiza 13. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wenye kibali huruhusiwa kujiandikisha kwa kuwa nchi zao ni za Jumuiya ya Madola, kwa hiyo mtu huitwa akiwa na pasi yake ya nyumbani. Na huko kusimulia yaliyosemwa chumbani ni jinai hata baada ya kesi kwisha.

Akimaliza, kijana aombe cheti cha mahudhurio, nakala moja ampe mwajiri. Nyingine aitunze pamoja na samansi, kwa sababu majina huchotwa upya kila mara, na barua ikirudi mapema, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba zamu yake ameshaitumikia.