Bibi kamkalia Dodi

Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Tanga, ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Binti yangu ana miaka minne na nusu. Tangu Ramadhani ana rafiki anayeitwa Dodi ambaye sisi wengine hatumuoni. Anamtengea chakula, akioga anamwachia maji kwenye ndoo. Juzi mavyaa alikuja kututembelea, akakaa kwenye kochi, mtoto akapiga ukelele: "Bibi, umemkalia Dodi!" Mavyaa hakulala siku ile. Anasema mtoto ana kitu, tumpeleke kwa mtaalamu wake Pangani. Lakini Anti, hofu yangu kubwa ni mimi mwenyewe. Tangu niko darasa la tatu nina mji wangu kichwani. Una bandari, una soko, una watu wenye majina. Kila ninayempenda nimempa nyumba huko, hata marehemu babu. Mume wangu tu sijampa, sijui kwa nini. Sijawahi kumwambia mtu. Tangu mume ahamishiwe Mpanda kikazi mwaka jana, naenda huko kila siku. Mwezi huu nimeunguza wali mara mbili na nimepitilizwa kituo na daladala. Je, nimemrithisha mwanangu ugonjwa?
Mama Dodi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Unisamehe, nimecheka kwanza. Nilikuwa namuona mavyaa wako akiruka pale kochini kama aliyekalia jiko la mkaa.

Tuanze na Dodi, maana huyo hana shida. Mwanasaikolojia Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, amehoji watoto juu ya marafiki wa namna hii kwa miaka mingi. Kwenye utafiti aliouchapisha na wenzake mwaka 2004, kama watoto 65 kati ya 100 walikuwa wamepata kuwa na rafiki wa kufikirika hadi kufikia umri wa miaka saba. Wamo humo na wale wenye mdoli ambaye mtoto kampa jina, tabia na hasira zake. Kwa hiyo mwanao yuko na wenzake wengi tu. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mara nyingi, katikati ya mahojiano, mtoto alimtazama yule mtu mzima anayeandika kila neno kwa makini, akamkumbusha kwamba huyo rafiki ni wa uongo, asije akaamini bure.

Mwanao naye anajua. Leo ukimwogesha, muulize kwa sauti ya kawaida: "Hivi Dodi ni mtu wa kweli au wa kujifanya?" Ukiona anakushangaa wewe, usijali.

Kwani akikuletea wali wa mchanga kwenye kifuu huwa unafanyaje? Unapokea, unapeleka mdomoni, unasema tamu, unamrudishia kifuu. Dodi naye umpokee hivyohivyo. Usimfukuze, wala usimzidishe. Sahani yake itoke kwenye chakula cha mtoto, si sahani ya pili, na akisema Dodi ndiye aliyevunja kikombe, wazoe vigae wote wawili.

Kuna rafiki mmoja tu asiyeonekana ambaye ningetaka umfuatilie mara moja: yule anayeacha vitu. Ukikuta ganda la pipi ambayo hukuinunua, au mtoto akisema rafiki kamkataza kukwambia jambo, usiite mganga wala mwanasaikolojia. Huyo ana miguu, na mara nyingi ni mtu mnayemjua. Na kama mtoto mwenyewe anamwogopa Dodi, au Dodi anamwamuru ajiumize, au ameacha kabisa kucheza na wenzake, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, ueleze hivyo hivyo ulivyoona. Kwa uliyoniandikia, sioni hata moja.

Kwa mavyaa, usibishane naye habari za majini. Hutashinda, na ni mama wa mumeo. Akitaka mtoto asomewe dua, mkae mkeka mmoja, asomewe, muitikie amin. Ila habari za chale, kufukizwa chini ya shuka na kunyweshwa dawa isiyo na jina, kataa, na umwombe mumeo akatae yeye kwa mamake, kwa simu, kwa adabu. Mtoto akiona watu wazima wanamwogopa, ataanza na yeye kujiogopa.

Sasa tuje kwenye mji wako.

Mimi nilikuwa na basi. Mpera wa nyuma ya nyumba yetu, tawi la chini siti ya dereva, mfuniko wa sufuria usukani, na mimi konda. Abiria wangu walikuwa na majina na vituo vyao, na mmoja, mzee mwenye kanzu, hakupata kulipa nauli hata siku moja. Mpaka leo nikimuona mtu anazungushazunguka deni, namuona yule mzee. Basi usidhani unazungumza na mtu aliyekuja mjini jana.

Huko Haworth, kijiji cha kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1826 mchungaji Patrick Brontë alirudi nyumbani na askari wa mbao aliomnunulia mwanawe Branwell. Dada zake, Charlotte, Emily na Anne, kila mmoja akajichagulia askari wake. Kutoka kwenye boksi lile wakazaa nchi nzima zenye wafalme, vita na vijitabu vyenye herufi ndogo za kukutoa machozi. Walikua, mchezo haukuisha. Mwaka 1845 Emily, zimebaki wiki chache atimize miaka 27, alisafiri na Anne kwenda York, na njiani walikuwa wakijifanya watu wa Gondal, nchi yao ya kubuni. Charlotte yeye alikuwa mwalimu, na mwanafunzi akimkatisha akiwa huko kwenye nchi yake ya Angria, alichukia kutoka moyoni. Ilifika mahali akaiogopa, akaandika maneno ya kuiaga. Hao ndio hao waliotoa riwaya zinazosomwa hadi leo, kwa hiyo mji kichwani si wazimu. Na hofu ya Charlotte nayo haikuwa bure.

Unamjua Alinacha, ambaye tumembebesha msemo wa "ndoto za Alinacha"? Yule aliyetia fedha yake yote kwenye kapu la vyombo vya vioo, akakaa sokoni akiwaza atakavyotajirika, atakavyomwoa binti wa waziri na kumpiga teke la kiburi. Mguu ukaenda kweli, kapu likamwagika. Tukimtaja huwa tunacheka ndoto yake. Mimi naona kosa lake lilikuwa kutojua miguu yake iko wapi. Yako iko kwenye daladala, na daladala imeshapita kituo.

Mwaka 2002 mtaalamu wa Israeli, Eli Somer, aliandika juu ya wagonjwa sita ambao ndoto za mchana zilikuwa zimewala maisha, kazi na watu. Hali hiyo haimo kwenye orodha rasmi ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ila wapo wanaoteseka nayo. Wewe kwa wali miwili sikuweki huko. Ukianza kukosea hesabu za duka, ukawa unamkwepa mtoto ili uende mjini, au ukataka kutoka ukashindwa, hapo tafuta mshauri bila kungoja.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nasimama palepale. Babu kapewa nyumba. Mume hana. Kisha unaniambia, kama jambo la pembeni, kwamba yuko Mpanda tangu mwaka jana, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Mwanangu, mimi sidhani kama mji wako umekua. Naona nyumba yako imekuwa tupu, na wewe unakwenda kukaa kwenye watu. Yeye hana nyumba huko pengine kwa sababu huko hakuna anayehamishwa, na ukimweka utalazimika kumuuliza lini anarudi. Huenda nimekosea, wewe ndiye unayejua. Lakini swali hilo la lini, umewahi kumuuliza yeye mwenyewe kwa mdomo?

Sikwambii uufunge mji. Upangie saa: ukishamlaza mtoto, jiko limezimwa. Kwenye daladala kaa karibu na konda, umwambie kabisa unashuka wapi. Ukinunua daftari ukaandika habari za soko lile, vizuri zaidi, maana kilichoandikwa kinakungoja.

Na Ijumaa mpigie mumeo akishatoka kazini, akiwa ameshakula. Usianze na wali ulioungua, wala na habari za mamake. Anza na bandari: inaitwaje, meli gani imetia nanga wiki hii, na babu anakaa nyumba ya ngapi kutoka gatini.